Foleni ya Saa Kumi

Wenzangu wa chumba cha mitambo,

Mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga, nashukuru. Keki ilikuwa tamu, hotuba zilikuwa ndefu. Bosi alisoma vyeo vyangu vyote kimoja kimoja mpaka mie mwenyewe nikaanza kusinzia. Halafu mmoja wenu akashika maiki akaniigiza: "Shikamoo... moja... mbili... haya, marahaba!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mie nikacheka. Mnajua ndivyo ninavyopima laini ya sauti. Nampigia mtu wa upande wa pili, namwamkia hata kama kwa umri ni sawa na mwanangu, nahesabu mpaka aitikie. Mnadhani ni vituko vya uzeeni. Sasa nina wiki mbili nyumbani Temeke, asubuhi naamka sina pa kwenda, nimeona niwaandikie kituko hicho kilikotoka. Ila si habari ya kuchekesha, nawaambia mapema.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya themanini, kwenye kituo cha simu upande huu huu wetu. Wanawake wengine pale walikuwa maopereta, wamekaa vitini, wana feni. Fundi mwanamke nilikuwa peke yangu. Mitambo yenyewe ilikuwa ya chuma, swichi zinazopanda na kuzunguka. Mtu akizungusha namba kule Mtoni, huku ndani inalia ta-ta-ta-ta, na zikipiga mia kwa pamoja husikii hata mwenzako anayekutukana. Siku ya kwanza nilikwenda na gauni, tena la kwenda harusini, maana mama alisema nisitie aibu. Fundi mkuu wa zamu alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Binti," akasema, "hilo gauni swichi italila kabla ya saa nne."

Akafungua kabati lake, akanipa ovaroli ya akiba. Nikakunja miguu mara tatu na bado nikawa naburuza. Huyo ndiye Mzee Asajile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu kama mlingoti, sauti yake ya chini hata akiwa amekasirika. Kazi yote ninayoijua ilianzia kwake.

Alinipa kitambaa na chupa ya spiriti, akaniambia nisafishe kontakti, pale vyuma vya swichi vinapogusana. Nikasafisha wiki ya kwanza, nikasafisha ya pili. Ya tatu nikamuuliza, "Mzee, nitafundishwa lini?" Akasema, "Kwani unafanya nini sasa hivi?" Kumbe alikuwa anangoja masikio yangu yazoee. Yeye alikuwa anasimama katikati ya chumba, amefumba macho, halafu ananyoosha kidole: "Safu ya nne, ya chini kabisa, inakohoa." Unakwenda unafungua, unakuta springi imelegea. Mie nilidhani ni uchawi. Baada ya mwaka na mie nikaanza kuzisikia zinazokohoa, nikawa na majivuno hayo, we acha tu.

Masika ndiyo yalikuwa mtihani wetu. Mashimo ya kebo yanajaa maji kuanzia Keko mpaka Tandika, na kebo za wakati ule nyaya zake zilivishwa karatasi. Mzee alinifunza kuchemsha nta kwenye kopo, kukata kipande cha ile karatasi na kukichovya. Nta ikitoa povu, maji yameingia, kata mbele zaidi. Ikitulia, unga hapo hapo. Tulikuwa tunachuchumaa shimoni matope yamefika magotini, kopo la nta linachemka, wapita njia wanadhani tunakaanga kitu.

Na alinifunza jambo moja ambalo nililishika kuliko yote. Usimwendee mteja kumwambia tatizo ambalo hujalitengeneza. Maneno matupu yanamwongezea hasira tu. Nenda ukiwa umemaliza, simu inalia, ndipo ueleze kilichokuwa kimeharibika. Nililishika hilo miaka na miaka. Mtaona lilinifikisha wapi.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, Atupele. Wakati huo alikuwa sekondari. Akitoka shule anapitia kituoni kumngoja baba yake, na anatuamkia mafundi mmoja mmoja, hata yule aliye juu ya ngazi, hata aliye chini ya kebo miguu tu ndiyo inaonekana. Mzee anajifanya hamwoni, lakini uso wote umefunguka. Walikuwa wanapendana wale mpaka tunawaonea wivu.

Kilichowakosanisha ni msiba. Mama Atupele aliugua miezi michache akafariki. Walikuwa na shamba Chanika, mama yule ndiye aliyelianzisha, minazi na mihogo, na alipokuwa amelala hospitali alimwambia binti yake angependa azikwe pale. Mzee hakutaka kusikia. Mke wake atazikwa nyumbani Tukuyu, kwa wakwe, na maneno yameisha. Nilikuwepo siku ile pale kwao Buguruni, turubai limefungwa, watu wamejaa. Atupele akasimama mbele ya wajomba na mashangazi akamwambia baba yake, "Mama akiwa hai hukumsikiliza. Leo amekufa, bado humsikilizi."

Loh! Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Kuanzia leo usiniamkie. Shikamoo yako siitaki."

Mama akapelekwa Tukuyu. Atupele, ambaye alikuwa amemaliza ualimu, akaomba apangiwe Mwanza, akaenda. Baba na mwana wakakaa hivyo miaka minne, bila salamu. Aliwahi kumwandikia barua, mzee akaiweka kabatini bila kuifungua. Nilijaribu kumsemesha mara moja tu. Aliniambia, "Hadija, shika koleo," na koleo lenyewe nilikuwa nimelishika.

Katikati ya miaka ya tisini mambo yakageuka. Soko huria, mitambo mipya isiyopiga kelele, watu wanapunguzwa. Mzee alistaafishwa na swichi zake wiki moja. Zile swichi zilipakiwa kwenye lori kama vyuma chakavu, yeye amesimama getini anazitazama. Mie nilipata kazi kwenye kampuni ya watu binafsi kule Kinondoni. Ilishakufa, na wenyewe wametawanyika, sina haja ya kuitaja. Tuliweka dishi juu ya paa, tukawa tunawaunganisha wateja na matawi yao ya mikoani kwa setilaiti. Mteja wetu mkubwa alikuwa kampuni ya kusafirisha mizigo, ofisi moja Dar, nyingine Mwanza. Kule Mwanza tulikuwa na fundi wetu, Deus, kijana mpole, mcheshi.

Nyie mmezaliwa kwenye laini pana, kwa hiyo nieleze. Laini ile ilikuwa nyembamba sana, na ndani yake vinapita vitu viwili, data za kompyuta na sauti ya simu. Boksi linakata sauti vipande vidogo vidogo, linavipanga kwenye njia ile ile inayopita data, upande wa pili boksi jingine linaviunga. Kwangu mie lilikuwa jambo la ajabu. Nilipiga simu Mwanza asubuhi ya kwanza, Deus akapokea, "Halo dada Hadija, umeamkaje?" wazi kabisa, kama yuko chumba cha pili. Nilipiga asubuhi ya pili, ya tatu. Nikaandika kwenye daftari kwamba laini imejaribiwa na ni nzima, nikatia sahihi. Jaribio lote lilikuwa la asubuhi. Hilo nitalirudia.

Mzee Asajile akaja kunitembelea. Kwanza alijifanya amekuja kuona mitambo. Akazunguka makabati yetu mikono nyuma, akainama, akasikiliza. "Haisemi kitu," akaniambia.

"Haina kinachozunguka ndani, mzee. Unatazama taa tu. Za kijani zikiwaka, nzima. Nyekundu, kuna tatizo."

"Kwa hiyo unaamini taa."

"Ndiyo, mzee."

Nikampa chai. Akanywa nusu, akaweka kikombe chini, ndipo akasema bila kunitazama, "Hii sauti yenu inafika Mwanza?"

Nilielewa palepale. Moyo ulinidunda kwa furaha. Simu ya kwake Buguruni ilikuwa imekufa muda mrefu, nyaya zimeibwa, na kupanga foleni kwenye simu za watu akilia mbele ya umati, mzee yule asingekubali kamwe. Nikamwambia chumba chetu kina mlango, atafunga.

Nikampigia Deus, Deus akamwendea Atupele shuleni kwake. Jibu alilolileta nimelishika mpaka leo. Atupele alisema, "Nitamwamkia. Akiniitikia, likizo hii nakuja nyumbani. Asipoitikia, nimeelewa, sitamsumbua tena maisha yangu yote." Nikampelekea mzee maneno yale kama yalivyo. Akatikisa kichwa polepole. "Akiniamkia nitaitikia," akasema. "Lakini aanze yeye. Mie baba yake, siwezi kuanza."

Atupele alikuwa anatoka shuleni alasiri, kwa hiyo tukapanga saa kumi.

Mzee alikuja amevaa suti yake ya kanisani. Nikamkalisha, simu ikalia, nikamkabidhi mkono wa simu. Nilitakiwa nitoke. Nilitoka, lakini mlango niliurudishia tu, Mungu anisamehe, nilitaka kusikia. Akakaa kimya, anangoja. Nikahesabu pumzi zangu. Halafu nikamsikia anameza mate, na sauti ikatoka imekwaruza: "Marahaba. Marahaba mwanangu. Hujambo? Hujambo mama?"

Mie nimeshaanza kulia huku nje kwa furaha. Nikasubiri nisikie anaendelea. Hakuendelea. Nikasubiri. Nikafungua mlango. Mzee ameshika simu sikioni, anatazama ukuta.

"Amekata," akasema.

"Labda laini, mzee."

"Tazama."

Nikatazama. Naapa nilitazama vizuri, kama alivyonifunza mwenyewe. Taa zote kijani. Nikafungua kompyuta, nikatafuta kama laini ilianguka hata mara moja. Haikuanguka. Makosa, hakuna. Alisimama nyuma yangu ananingoja, na mie, kwa majivuno yangu ya kazi, nilitaka aone kwamba mwanafunzi wake anajua anachokisema.

"Laini ni nzima, mzee. Haikukatika."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akavaa kofia yake. "Basi amekata mwenyewe," akasema. "Amesubiri nimwitikie ndipo akanikatia." Akanipa mkono, akanishukuru kwa chai, akaondoka. Nilimwona dirishani anavuka barabara, mrefu vile, suti inampwaya. Kesho yake Deus aliniambia alimwachia Atupele chumba ili azungumze kwa nafasi, akamwona anatoka analia, hakusema lolote. Nikakasirika na yule binti. Nikasema moyoni, ana roho ngumu huyu, amemrudishia baba yake palepale alipomuumizia.

Wiki tatu zikapita. Meneja wa mteja wetu wa Mwanza akaanza kulalamika kwamba simu za jioni hazifai, wanaongea kwa kupokezana kama watu wa redio kol. Nikamwambia zinafaa, nimezijaribu mwenyewe. Akanibishia. Na mie kwa ubishi wangu nikasema ngoja nimwoneshe. Nikakaa kiti kilekile, saa kumi ileile, nikampigia Deus.

"Deus, habari za saa hizi?"

Kimya. Nikatazama taa, kijani. Nikangoja. Halafu ikanijia sikioni sauti ya mwanamke, sauti yangu mwenyewe: "Deus, habari za saa hizi?" Na mara baada yake, Deus: "Nzuri dada, vipi huko?"

Nilishuka kwenye kiti nikakaa sakafuni. Mwenzangu mmoja akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

Ilikuwa hivi. Kila siku saa kumi kule Mwanza wanatuma orodha ya mizigo yote ya siku, na Dar nao wanawatumia ya kwao. Mafaili makubwa, yanapishana. Nilijua kwamba yanatumwa. Sikujua kwamba yanajaza njia mpaka vipande vya sauti vinapanga foleni nyuma yake. Chukulia bomba la maji la mtaani. Amekuja mtu na mkokoteni wa madumu ishirini, nyuma yake amesimama mama na birika. Maji yapo, bomba zima, hakuna aliyemnyima. Ila mpaka madumu ishirini yajae, chai ya mama imeshachelewa. Taa zangu zilikuwa zinaniambia bomba linatoa maji. Hazikuniambia nani amesimama foleni. Sekunde mbili na nusu kwenda, mbili na nusu kurudi.

Na ule mwangwi, mwangwi upo kwenye simu zote toka enzi za swichi. Sauti yako inagonga upande wa pili na kurudi. Ikirudi upesi huisikii, inajificha ndani ya maneno yako. Ikichelewa sekunde tano inakujia peke yake, kama mtu anakuigiza.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili sina wa kumsingizia. Ningeweza siku ileile kwenda Buguruni nikamwambia, mzee, nilikudanganya, laini ilikuwa na ucheleweshaji, mwanao hakukukatia. Ningemkuta yuko barazani. Sikwenda. Nilitaka nimwendee nimemaliza. Nilijiona namchukua kwa teksi, namweka kitini, Atupele yuko upande wa pili, laini imenyooka, wanaamkiana, ndipo nawaeleza wote wawili kilichokuwa kimeharibika. Alivyonifunza.

Kwa hiyo nikaingia kazini. Kwanza nikatenga foleni mbili, ya sauti na ya data, nikaliambia boksi sauti ipite mbele siku zote. Nikapima, ikapungua, lakini bado inakwama kwama. Nikatafuta siku nne nzima kwa nini. Kumbe kipande kimoja cha data kilikuwa kirefu, kikishaanza kupita hukikatizi, sauti inakingoja mpaka mkia uishe. Nikakata vipande vya data viwe vifupi. Hapo mteja akapiga kelele mafaili yake yanakwenda polepole. Nikabana data isizidi kiasi fulani cha njia, nikaongeza kidogo, nikapunguza kidogo, kila siku saa kumi nampigia Deus namwamkia, "Shikamoo Deus," anacheka, "Marahaba bibi," na mie nahesabu. Sekunde tatu. Mbili. Moja na nusu. Nilikuwa nataka ifike pale ambapo mtu hawezi kujua kwamba amesubiri. Sekunde moja ingetosha, wakubwa walishasema inatosha. Mie nilikataa. Nilitaka kwa mzee iwe kamili.

Ilinichukua wiki mbili na siku. Siku niliyoridhika ilikuwa Jumatano. Nikamwambia Deus aende kwa Atupele kesho yake, na mie ningepitia Buguruni nikitoka kazini.

Alhamisi asubuhi akaja jirani ya Mzee Asajile ofisini, ananitafuta. Presha ilimpanda mzee alfajiri, walimfikisha hospitali ameshanyamaza.

Sijui niliandike vipi hili. Mie niliyekuwa nawinda sekunde nilimcheleweshea mzee wangu siku kumi na tano. Nililia pale kati ya makabati mpaka wenzangu wakafunga mlango.

Maiti ilimngoja Atupele. Alifika siku ya tatu, amesafiri kwa treni, amekonda, macho yamemwingia ndani. Wanawake wakampokea, akalia kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Alasiri, watu walipopungua kidogo, nilimwomba tutoke nyuma ya nyumba, penye karo. Akaniamkia, nikamwitikia. Nikamwambia kilichonileta.

"Siku ile ya simu," nikasema, "ulisikia nini?"

Alinitazama kama nimemtonesha. "Dada Hadija, leo ndiyo siku ya kuniuliza hayo?"

"Niambie."

"Nilimwamkia. Akakaa kimya. Nikasubiri, nikasema moyoni anafikiri, mpe nafasi. Nikasubiri. Halafu nikasikia mtu ananiigiza. 'Shikamoo baba.' Amebana pua hivi, ananidhihaki na shikamoo yangu. Nikaweka simu." Akafuta uso kwa kanga. "Ningevumilia anitukane. Kuniigiza, hapana."

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, mafaili ya saa kumi, foleni, mwangwi. Nikamwambia aliyeigiza hakuwa baba yake, ilikuwa sauti yake mwenyewe imemrudia. Nikamwambia baba yake alikuwa amevaa suti. Nikamwambia aliitikia, nilisikia kwa masikio yangu, alisema marahaba mara mbili, akamwita mwanangu, akamwita mama, akamuuliza hujambo. Na nikamwambia kwamba ni mie niliyemhakikishia mzee laini ni nzima, ndiyo maana akaondoka akiamini amekatiwa.

Hilo la mwisho hakulijibu. Mpaka leo hajalijibu, na sijamdai jibu. Alikaa kwenye ukingo wa karo, kanga imebanwa mdomoni. Kisha akainua macho akaniuliza swali moja tu.

"Dada, kama nisingeweka simu. Kama ningesubiri kidogo tu. Ningemsikia?"

Nyie ni mafundi, hesabu mnaweza kuifanya wenyewe. Mwangwi ulimfikia baada ya sekunde tano. Marahaba ya mzee ilikuwa nyuma yake pale pale, imeshatoka Dar, imeshapanda kwenye setilaiti, inashuka Mwanza. Mzee alikuwa amemeza mate tu kabla ya kuitikia. Ni muda huo huo, wa mtu mmoja kumeza mate.

Nikamtazama usoni.

"Usingemsikia," nikamwambia. "Laini ilikuwa imeshakufa."

Akashusha pumzi, ndefu, mabega yakalegea. Akaniambia, "Ahsante, dada," akainuka akarudi ndani kwa wanawake.

Atupele yupo, ni mwalimu mkuu sasa, na baadhi yenu watoto wenu wanasoma kwake. Nawaomba sana, msije mkamrekebisha.